Shotgani ya mashindano: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mtu akishapata leseni na shotgani yake ya geji 12, akaonja utamu wa kuvunja visahani vinavyorushwa hewani, haichukui muda anaanza kutamani nakshi: choki zinazong'aa (vipande vya kubana mdomo wa mtutu), triga ya bei mbaya, kishanga cha kijani kwenye ncha ya mtutu. Kwa sisi wa Mbeya na Iringa tamaa hiyo inauma zaidi mfukoni, kwa kuwa vitu vyenyewe huagizwa mbali. Na kabla hujaagiza chochote kinachofungwa kwenye silaha, pita kwanza kwa muuzaji mwenye kibali akuelekeze. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: shilingi yako itavunja visahani vingapi.

1. Masikio na macho

Mlio wa shotgani unavuka desibeli 140, na hapo mlio mmoja tu unaweza kulidhuru sikio moja kwa moja. Bahati nzuri hiki hakiagizwi. Ukanda wa Mafinga na Sao Hill umejaa mashine za mbao, na wapasuaji wanavaa vikinga masikio vilevile unavyohitaji wewe. Ulizia maduka ya vifaa vya usalama kazini. Tafuta alama ya EN 352, kiwango cha Ulaya cha vikinga masikio, na namba ya SNR, kipimo cha mlio unaozuiwa. Ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Shida ya vile vinene vya chensoo ni kwamba vinagonga kitako cha bunduki ukilaza shavu, nawe unanyanyua kichwa bila kujua, na kichwa kikinyanyuka kisahani kinapona. Chagua vyembamba, au vizibo vya sponji. Kizibo kisokote mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa kidole hadi kimalize kutanuka. Kama nusu nzima bado inachungulia nje, hujavaa kitu.

Miwani iwe na EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, pamoja na herufi F au B. B inahimili kishindo kikubwa zaidi. Miwani ya jua ya mtumba, hata iwe kali namna gani, achana nayo. Kwa asubuhi zetu za ukungu kioo cha njano kinasaidia kisahani kionekane.

2. Kitako

Hapa ndipo ningeweka hela yote iliyobaki. Shotgani haina shabaha ya nyuma, yaani ile alama ya kulengea iliyo karibu na jicho. Jicho lako ndilo shabaha ya nyuma, na kitako ndicho kinachoamua jicho likae wapi. Likikaa juu, unapiga juu. Likienda kushoto, marisau (vile vipira vidogo vilivyomo ndani ya risasi) yanakwenda kushoto, na choki ya dola mia mbili haitayarudisha.

Jipime nyumbani. Fungua bunduki, hakikisha kwa macho na kidole kwamba vyumba vyote viwili vya risasi kwenye mitutu ni vitupu, na risasi zenyewe ziwe chumba kingine kabisa cha nyumba. Ifunge, elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, ipandishe begani, laza shavu, kisha fumbua. Ukikiona kishanga kimekaa katikati juu ya ukanda wa mtutu, umepona. Ukiona chuma cha nyuma kimekiziba, shavu limezama: bandika vipande vyembamba vya sponji au ngozi pale shavu linapolalia, kimoja kimoja, ukijipima kila mara. Fundi viatu mzuri wa Mwanjelwa anakukatia ngozi hiyo safi kabisa. Mpelekee vipimo kwenye karatasi, bunduki ibaki kabatini.

Halafu kuna baridi. Julai ya Njombe au Makambako unavaa sweta na koti juu yake, na ghafla kitako kilichokutosha Februari kinakwama kwapani. Ndiyo maana raba ya kitako inayobadilishwa, nyembamba ya kipupwe na nene ya joto, ina faida kwetu kuliko kwa mtu wa Pwani. Raba hiyohiyo inapunguza teke la bunduki.

3. Risasi

Nunua aina moja, nyingi, uizoee. Mashindano ya kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, yanaruhusu mzigo wa marisau usiozidi gramu 24, na hata kama klabu yenu inaruhusu 28, mimi ningebaki na 24: teke dogo, bega halichoki mapema. Kwa trap, ambako visahani vinakukimbia kwenda mbele, chukua marisau namba 7½, kama milimita 2.4; kwa skeet, ambako vinakatiza mbele yako, namba 9, kama milimita 2. Wapo wanaosema Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ubadilishe risasi. Kwa umbali wa visahani hutaiona tofauti hiyo.

4. Choki

Mbili zinatosha. Choki kamili hukusanya takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 75 kwa mita 36 na ushee. Mtutu usiobanwa hukusanya kama asilimia 40. Skeet taka choki iliyo wazi, trap taka iliyobana. Kabla ya kununua ya tatu, piga karatasi kubwa uone ulizonazo zinafanya nini. Marisau ya chuma usiyapitishe kwenye choki kamili.

5. Vesti

Mtumba. Vesti ya wavuvi yenye mifuko mipana inabeba risasi vizuri, na fundi cherehani akikushonea kipande cha ngozi begani umemaliza.

6. Triga na kishanga

Triga nzito kupita kiasi irekebishwe na fundi silaha mwenye kibali, yeye tu. Kishanga kinachong'aa sikipendi: kinavuta jicho, wakati jicho linatakiwa kubaki kwenye kisahani.

7. Kutobolewa matundu kwenye mtutu

Unalipa, mlio unaongezeka kwa jirani yako wa mstari, na teke linapungua kidogo mno kwa risasi za gramu 24. Hela hiyo nunua mafuta na kitambaa, hasa ukiishi Tukuyu ambako mvua haikauki: bunduki iliyolowa ikirudishwa kwenye mkoba wa sponji, kutu inaanza usiku uleule. Ifute, iache ikauke nje ya mkoba ndani ya kabati lililofungwa, na choki zifunguliwe zipakwe mafuta kwenye nyuzi zake, la sivyo mwezi wa nne hazitoki.