Rampu au lifti kwenye ngazi za jumba la kale?

Majumba mengi ya kifahari ya mashambani Uingereza yana mlango mkuu ulioinuliwa juu ya ngazi za mawe. Mgeni wa kiti cha magurudumu huishia hapo chini, ingawa Sheria ya Usawa ya 2010 inawataka wenye majumba yanayopokea umma wafanye marekebisho yanayofaa. Ndipo ubishi unapoanza: rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha magurudumu, au lifti?

Kwa bei, rampu haina mpinzani. Tatizo lake ni urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 60, kwa mteremko wa 1:12 (kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele), zinadai rampu ya mita 7.2. Ukitaka 1:20, ambao anayejisukuma mwenyewe ataupanda bila kutweta, ni mita 12, na uso wa jumba umeshafunikwa. Lifti ya jukwaa, yaani jukwaa dogo linalomwinua mtu na kiti chake, hutosha penye nafasi finyu.

Kwa kutegemeka, rampu tena: haijui umeme kukatika. Ya mbao hata hivyo huota ukungu na kuteleza mvua zikizidi, basi isuguliwe. Lifti ya watu hukaguliwa na mtaalamu kila miezi 6, na ikigoma mgeni akiwa juu, sijui utamwambia nini.

Wapo wanaokwepa yote kwa kumpitisha mgeni mlango wa jikoni. Hilo mimi silikubali, labda wageni wote wapite huko.

Ngazi 3 na ua mpana? Weka rampu. Ngazi 10, wageni kila siku na fundi wa karibu? Lifti. Kama jumba hufunguliwa kiangazi tu, rampu ya kuondoleka inatosha.