Nta ya gari: mkono au mashine? Ununue nini kwanza

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma mkiwa tayari dukani. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kupaka nta gari lako, nunua taulo. Taulo 6 za mikrofaiba, nene, zisizo na mshono mgumu pembeni. Mashine isubiri.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja ambalo wauzaji wengi hawakuelezi. Nta siyo polishi. Polishi ina chembechembe kama msasa laini sana, inakula rangi kidogo kidogo mpaka mikwaruzo ipungue. Nta haili kitu, inakaa juu tu kama mafuta kwenye ngozi. Na inayobaki pale juu ni utando mwembamba mno, nyingine yote unaifuta na kuondoka nayo kwenye kitambaa. Kwa hiyo uipake kwa mkono au kwa mashine ya bei mbaya, gari linabaki na kinga ile ile. Mashine inakuokolea bega na dakika kadhaa, basi.

Hatari iko kwenye kufuta. Klia ya kiwandani, ile tabaka ya juu isiyo na rangi inayofunika rangi ya gari, kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya karatasi ya fotokopi. Hapo ndipo tunaposugua. Kwa sisi wa Dar es Salaam, gari linalolala nje lina chumvi ya baharini, vumbi la barabara ya mtaani, utomvu wa mwembe na kinyesi cha kunguru ambacho jua likikipiga siku moja kinaacha alama isiyotoka kwa sabuni. Nta inahitajika kweli. Lakini ukiifuta na kitambaa kibovu, umeleta madhara kuliko faida.

Nafasi ya kwanza: mkono

Vifaa ni sponji mbili za kupakia, zile za duara zinazoenea kiganjani, taulo zako 6 na kopo moja la nta. Kopo la gramu 200 linakaa muda mrefu mno kwa mtu wa gari moja, usinunue kubwa.

Nta yenyewe ziko za aina mbili kubwa. Ya karnauba inatokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ngumu, haiyeyuki mpaka ifike zaidi ya nyuzijoto 80, na inalipa gari jeusi au jekundu mng'ao wenye kina ambao mimi binafsi naupenda sana. Nyingine ni ya viwandani, ya kemikali. Mng'ao wake ni mkavu kidogo lakini inavumilia jua na kuoshwa mara kwa mara. Kama gari linalala nje na linaoshwa kila wiki, chukua ya viwandani. Maelezo ya kopo yakisema nta hiyo inasafisha pia, ujue imechanganywa na polishi. Hiyo iache kwa gari lililofifia.

Osha, kausha, sogeza kivulini. Gusa boneti kwa nyuma ya mkono, kama ni ya moto, subiri. Mimi naanza saa 1 asubuhi, na saa 3 niwe nimemaliza. Gusisha sponji kwenye kopo mara moja tu, usichote. Paka mlango mmoja mpaka uone ukungu mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Ukiona michirizi myeupe mizito umezidisha, na hiyo ndiyo itakayokutesa wakati wa kufuta. Kisha pitisha ncha ya kidole: pakiacha njia safi inayong'aa, imekauka, futa. Pakipaka kama siagi, bado.

Kufuta ndiyo kazi yenyewe. Kunja taulo mara mbili ili upate pande 8. Upande wa kwanza unabeba nta, wa pili unamalizia, na kila sehemu ya gari igeuziwe upande mpya. Taulo ikianza kukwama au kuburuta, imejaa, weka pembeni chukua nyingine. Ndiyo maana nikasema 6.

Angalizo kwa wenye Toyota nyeupe: soma kibati cha gari, penye herufi C/TR. Ukikuta 040, nyingi za rangi hiyo hazina klia, na ukitumia nta ya kusafisha au polishi kitambaa kinageuka cheupe. Usishtuke, ni rangi ya juu iliyochoka inatoka. Lakini usisugue kila mwezi, maana kinachotoka ni rangi yenyewe, haipo nyingine ya akiba.

Nafasi ya pili: mashine ya mizunguko miwili

Hii ni ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumbayumba. Ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu, na hapo ndipo usalama wake ulipo kwa mtu anayejifunza. Inafaa kununuliwa ukiwa na gari kubwa kama Noah au Hiace, ukiwa na magari mawili nyumbani, ukiwa na bega bovu, au ukitaka kupiga polishi mwenyewe kabla ya nta. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo hasa inayoilipa hela yake. Kuinunua kwa ajili ya nta peke yake naona ni gharama isiyo na sababu.

Kabla hujalipa, geuza mashine usome kibati chake. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja inaweza kuungua papo hapo, na muuzaji atakwambia ulipoiwasha dukani kwake ilikuwa nzima. Mwambie aiwashe mbele yako, kwenye soketi ya ukutani, bila transfoma. Kisha shika pedi uisikilize: ikicheza juu na chini, bearingi imekwisha. Uliza pia kama pedi za inchi 5 za kubandika zinapatikana hapo hapo, kwa sababu mashine isiyo na pedi sokoni ni chuma tu.

Kwa nta tumia pedi laini kuliko zote, spidi namba 1 au 2, matone matatu ya nta ya maji yenye ukubwa wa punje ya choroko. Uzito wa mashine unatosha, usiongeze wa kwako. Waya wa umeme uutupe begani, usiburute kwenye fenda. Kaa mbali na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, nta ikiingia humo inakauka nyeupe na kuitoa ni kazi ya mswaki.

Kufuta? Kwa mkono. Taulo unaihisi ikijaa, mashine haihisi.

Nafasi ya tatu: kumlipa mtu

Hakuna ubaya, na vijana wengi wa pale gari linapooshewa wana mkono mzuri. Ila muulize swali moja: "Kaka, mnafutia nini?" Akikuonyesha kitambaa kile kile kilichofuta rimu, mpe taulo zako ulizotoka nazo nyumbani. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Nafasi ya nne: mashine pana ya vifuko vya manyoya

Ni nyepesi, ina sahani kubwa na vifuko viwili, kimoja cha kupakia na kimoja cha kufutia. Shemeji yangu aliinunua kwa furaha kubwa na tukaijaribu kwenye Noah yake nyeusi Jumamosi moja. Kivulini ilipendeza. Ilipofika mchana akanipigia simu: "Shemeji, njoo uone." Juani gari zima lilikuwa na utando wa buibui, vimikwaruzo vya duara kila palipopigwa na mwanga. Kifuko kile cha kufutia kilikuwa kimejaa nta baada ya boneti tu, na sisi tukaendelea nacho hadi mlango wa nyuma. Tuliitoa hali ile kwa polishi, wikiendi mbili. Kama tayari unayo, itumie kupakia nta tu, lakini vifuko vya kufutia vitupe.

Usinunue: mashine ya fundi rangi, wala pedi ya kufunga kwenye drili

Mashine inayozunguka kwa mhimili mmoja ni ya fundi. Mikononi mwake inafanya mambo makubwa. Kwa nta haina kazi, na joto lake linakusanyika mahali pamoja, hasa kwenye kingo, ambako rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Niliazima moja nikapita ukingo wa boneti yangu kwa sekunde chache tu. Nikasikia harufu, nikainua, nikakuta mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole. Boneti nzima ikapakwa upya. Drili ni hatari ile ile, tena haishikiki vizuri.

Taulo zifue peke yake, mbali na nguo za pamba, kwa sabuni ya maji bila dawa ya kulainishia nguo, uanike kivulini. Iliyoanguka chini, hata mara moja, inahamia kwenye rimu. Na gari lipake tena pale mvua ikinyesha ukaona maji juu ya boneti yanatandaa kama kwenye sahani, hayafanyi tena shanga.