Fundi wa baiskeli chini ya mwarobaini, Maweni: Black Mamba yangu ya 1994 imerudi barabarani

Kama una baiskeli ya zamani imelala stoo hapa Malindi na umeshaambiwa haitengenezeki, usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu kabla hujaipeleka kwa fundi huyu. Hana duka wala bango. Yuko Maweni, chini ya mwarobaini mkubwa unaotazamana na kinu cha kusagia unga. Ukiuliza fundi baiskeli, watoto watakufikisha.

Yangu ni Black Mamba, ile nzito ya tairi 28 na breki za vyuma. Niliinunua 1994 nilipokuwa nafundisha shule ya msingi njia ya Kakuyuni, ikanipeleka na kunirudisha miaka 12, kwenye mchanga na kwenye matope ya masika. Nikahamishiwa mjini, baiskeli ikaingia stoo, juu yake tukarundika magunia.

Nilistaafu nikiwa na miaka 60, Desemba 2022. Jambo ambalo sikulitarajia ni wingi wa safari ndogondogo. Samaki pwani asubuhi mapema kabla hawajapanda bei, mahindi ya kusaga, dawa za presha za mama watoto, gesi ikiisha, dada yangu aliyeko Mambrui ambaye hawezi tena kutoka. Wakati wa mshahara safari hizo sikuzihesabu. Pensheni inaingia mara moja kwa mwezi, basi, na kiinua mgongo tulishakimaliza kwenye paa na karo ya mwisho ya kitinda mimba. Kwa hiyo naandika kila senti kwenye daftari. Mwezi wa Machi nilipojumlisha tuktuk na bodaboda nilipata shilingi 3,150. Nikajumlisha tena, ni zile zile. Umeme na maji vikiwekwa pamoja havikufika hapo. Mke wangu akalitazama daftari, akaniuliza, "Na ile baiskeli yako?"

Duka la kwanza nililoipeleka sitalitaja. Kijana aliyekuwepo alilizungusha gurudumu la nyuma mara moja, akasikia linasaga, akaniambia gurudumu zima limekufa, linunuliwe jipya, shilingi 3,800, tairi na tyubu mbali. Hakufungua hata nati moja. Niliikokota baiskeli nikaondoka. Baiskeli mpya ya aina ile nilikuwa nimeshaulizia, shilingi 14,500.

Pale chini ya mwarobaini fundi aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," nikamjibu marahaba, na kabla sijaeleza akaniomba nikae kwenye benchi. Aliipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani. Akalizungusha lile gurudumu huku kidole gumba kakiweka juu ya ekseli, akafumba macho. "Hapa kuna gololi zimevunjika," akasema. Alifungua kitovu, kile ambacho wao wanakiita habu, akamwaga vilivyomo kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa. Grisi ilikuwa imegeuka nyeusi, ngumu kama lami. Gololi za nyuma huwa ni 9 kila upande. Upande mmoja zilitoka zote 9, zimekwaruzika. Upande wa pili zilitoka 7 nzima, nyingine mbili vipande. Akapangusa kikombe kinachobeba gololi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanipa kioo kidogo nimulikie jua ndani. "Pitisha kidole, mwalimu. Unasikia shimo?" Sikusikia shimo. Kilikuwa laini kama ndani ya kijiko. Kikombe kikiwa kizima, kitovu ni kizima, akaniambia, kinachotakiwa ni gololi 18 na grisi mpya. Gololi na grisi ziliniondokea shilingi 180. Linganisha na 3,800.

Kilichonifanya niandike haya yote, hata hivyo, ni namna alivyonyoosha rimu. Nimekaa na mafundi wengi maishani na wengi wananyoosha kule kuyumba kwa pembeni tu. Kwa baiskeli ya breki za waya inatosha, maana raba zake zinabana rimu ubavuni. Breki za vyuma hazibani hivyo. Raba zake zinasukuma rimu kutoka ndani, upande unaotazama kitovu, kwa hiyo rimu ikiwa na nundu, hata kama haiyumbi, breki itakamata hapa, itaachia pale, na ukiteremka daraja la Sabaki na gunia nyuma utalijua hilo. Fundi huyu alitoa tairi, akashika kipande cha chaki kwanza ubavuni mwa rimu, akazungusha, akakaza spoku za upande wa pili kila palipopata alama. Halafu akaihamisha chaki juu ya rimu. Palipokuwa na nundu pakapakwa, akakaza spoku za pande zote mbili mahali hapo, robo mzunguko, robo mzunguko. Akafuta alama, akaanza tena. Alifanya hivyo mara sita au saba mpaka chaki ikawa inaacha mstari mwembamba kuzunguka rimu yote bila kukatika. Gurudumu la nyuma lina spoku 40. Kumi na moja zilikuwa zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye rimu, akazibadilisha hizo tu, shilingi 20 kila moja.

Kutu ndio ugonjwa wa baiskeli za mji huu, na hapo alinifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Nilikuwa naiosha baiskeli kwa maji ya kisima. Visima vingi vyetu vina chumvi, kwa hiyo unaondoa chumvi ya upepo unaweka ya kisima. Aliniambia nitumie maji ya mfereji, yale ya Baricho, nusu ndoo inatosha, niipanguse pale pale, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili ya cheni na kufuta mabaki. Na mafuta ya kupikia nisithubutu, yanaganda na kukamata mchanga. Mke wangu sasa ananitengea nusu ndoo yangu kila Jumamosi.

Hesabu yote iko kwenye daftari langu: tairi mbili 1,300, tyubu mbili 500, cheni 400, gololi na grisi 180, spoku 220, raba nne za breki 120, na ufundi wake 1,000. Jumla 3,720. Kila kilichotolewa alinirudishia ndani ya mfuko, mpaka zile gololi zilizovunjika, bila mimi kuuliza. Kwa mtu anayeishi kwa kipato kisichoongezeka hilo ni jambo kubwa sana. Ukiona kifaa kibovu kwa macho yako unalala usingizi, hujiulizi kama umeibiwa.

Mwezi wa Juni tuktuk zilinigharimu 900, na nyingi ni za siku za mvua na siku mke wangu anapokwenda kliniki. Tofauti na Machi ni shilingi 2,250. Gharama ya fundi ilirudi kabla miezi miwili haijaisha.

Ana kasoro, na ukienda uende unazijua. Ahadi zake za siku hazishiki. Aliniambia Alhamisi, nikaipata Jumanne iliyofuata, na mara mbili nilitembea mpaka pale jua kali nikakuta hata tairi hajazinunua. Nilimwambia wazi kwamba kwa mtu wa umri wangu safari mbili za bure si jambo dogo, akaomba radhi, akachukua namba yangu. Tangu hapo hupiga simu kazi ikiisha. Risiti hana. Mimi nilitaka maandishi, akaniandikia bei zote kwenye kipande cha katoni kwa kalamu ya wino, nikakibandika kwenye daftari. Malipo anapokea kwa M-Pesa au taslimu, vifaa unalipa kwanza. Ijumaa kuanzia saa sita hayupo. Na kama baiskeli yako ni zile za gia nyingi na breki za mafuta, atakuambia mwenyewe kwamba hizo haziwezi. Alimrudisha kijana mmoja mbele yangu, ingawa pesa zilikuwa mkononi. Nenda asubuhi, saa mbili au saa tatu, kabla wauza maji na wauza mkate hawajamjazia foleni.

Julai nimekwenda nayo Mambrui mara tatu. Ni kama kilomita 15, na kusi inakusukuma mgongoni, unavuka Sabaki ukiona maji mekundu yakiingia baharini, pedali nyepesi, gurudumu la nyuma halitoi sauti yoyote. Kurudi upepo unakuwa usoni, napumzika mara mbili njiani, kisha naendelea. Dada yangu alinisikia kengele kabla hajaniona, akaniita kwa jina la utotoni kutoka barazani.

Kilichobaki ni keria, imepasuka pale inaposhikana na fremu na siiamini kwa debe la mahindi. Ameniambia atanipelekea kwa mchomeleaji Jumatatu. Nimeshaitengea shilingi 300 kwenye ukurasa wa Agosti.