Klabu ya Scrabble hapa Arusha: neno langu liliondolewa bila kuangaliwa

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Jina la klabu siliweki, ila wachezaji wa hapa mjini mtaijua tu.

Wanakutana Jumamosi mchana, ukumbi mdogo juu ya mgahawa upande wa Kaloleni, kucheza Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, na wao wanaucheza kwa Kiingereza. Nililipa ada ya mwezi, nikapewa chai na vitumbua, nikakaribishwa vizuri. Mpaka hapo sina neno baya. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, nilipomwamkia tu akanivutia kiti, akanifundisha maneno ya herufi mbili, QI na ZA na mengine. "Mwanangu, haya ndiyo chumvi ya mchezo," akasema, na nikayaandika yote kwenye daftari. Mimi nimeukuta mchezo huu nyumbani, baba alitukatia herufi za kadibodi tukiwa wadogo, lakini kucheza kwa saa, kila mtu na dakika zake 25, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Siku hiyo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Niliwaambia mpaka wenzangu kazini.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ikaharibu kila kitu.

Mechi ya tatu, nimepangwa na kijana wa chuo. Nachota herufi kwenye mfuko wa mchezo, napata A tatu, U, J, M na I. Aliyewahi kucheza anajua, herufi kama hizo kwenye reki, kile kishikio cha kuzipangia, zinakutoa jasho. Ubaoni kulikuwa na LONE inashuka katikati, imeanzia mstari wa pili kutoka juu. Nikaitazama, nikazitazama herufi zangu, nikaona. Vidole vilikuwa vinatetemeka nikizipanga moja moja kwenye mstari wa juu kabisa: UJAMAA. J ikakaa kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara mbili. A ya mwisho ikatua kwenye mraba mwekundu wa kuzidisha neno mara tatu, na hapohapo ikaishika LONE, ikawa ALONE. UJAMAA pointi 69, ALONE 15, jumla 84. Nikabonyeza saa.

Kijana akaangalia, akasimamisha saa, akasema kwa heshima kabisa, "Dada, hili nalipinga, naona kama Kiswahili." Ni haki yake na simlaumu hata kidogo. Kuna utaratibu: neno linaingizwa kwenye kompyuta, likiwamo kwenye orodha ya maneno yanayokubalika linabaki na aliyepinga bure ndiye anayeumia, lisipokuwamo naokota herufi zangu na zamu imenipita. Kompyuta ilikuwa pale kwenye meza ya kona, imewashwa, hatua nne tu kutoka tulipokaa.

Mwenyekiti akaja, akachungulia juu ya bega langu, akacheka kwa sauti. "We dada, hapa tunacheza Kiingereza. Ujamaa kacheze nyumbani kwako." Kisha akazitoa herufi zangu ubaoni kwa mkono wake mwenyewe, akazirusha kwenye reki. Nikamwambia, "Mwenyekiti, naomba tuangalie kwanza." Akajibu, "Niangalie nini? Mimi nacheza mchezo huu tangu wewe hujui kusoma." Meza za jirani wakageuka. Wengine wakacheka naye.

Nimesoma shule za hapahapa, Kiingereza nimekipata kwa shida. Pale nilijisikia nimerudi darasani, nimevishwa kile kibao cha shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Mechi iliyobaki niliicheza macho yana maji, sikuona hata nafasi za wazi.

Na neno lipo! UJAMAA limo kwenye orodha ya Collins, ileile wanayodai wanaitumia. UHURU limo. MZEE limo, UGALI limo, BWANA limo. Kiingereza kiliyachukua kwetu zamani, na mtu mwenye cheo cha uenyekiti hajui. Tena Arusha, jamani! Kutoka ukumbi ule hadi Makumbusho ya Azimio la Arusha unakwenda kwa miguu. Mji ambao jina lake limebebwa na Azimio lile la 1967, ndimo ninamoambiwa ujamaa nikacheze nyumbani.

Isitoshe, mchezo huu haujali nani anaongea lugha vizuri. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuongea Kifaransa. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Maneno ni orodha. Ukiyajua unayaweka, ukipingwa yanaangaliwa. Basi.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msiende kabisa. Lakini nikisema hivyo namwonea yule mwalimu, ambaye hakuwepo siku ile na alinipigia jioni kuniuliza moyo unaendeleaje. Namwonea na kijana wa chuo. Alinifuata kwenye ngazi na simu mkononi, "Dada samahani, lipo, nilitakiwa nisimame kulitetea." Akarudi juu kuomba karatasi ya matokeo irekebishwe, akaambiwa imeshasainiwa. Nilifungwa kwa pointi 31.

Kwa hiyo kama unapenda maneno, nenda, wachezaji ni wazuri na utajifunza mengi. Hapana, ngoja. Nenda, lakini mtu akikugusia herufi zako kabla neno halijaangaliwa, simama usimwache. Mimi sikusimama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko matokeo yenyewe.

Ada yangu ya mwezi haijaisha na Jumamosi hii naenda. Pointi sizitaki tena. Nataka mwenyekiti aende kwenye ile meza ya kona, mbele ya walewale waliocheka, aandike herufi sita na asome kwa sauti kompyuta inachojibu.