Trenchkoti la mwanamke mfupi: kibanda cha makoti Nakuru na fundi aliyejua pa kukata

Nina urefu wa futi 4 na inchi 11, yaani sentimita 150, na uzito wa kilo 46. Natanguliza vipimo kwa sababu maoni ya mtu wa futi 5 na inchi 7 kuhusu koti hayanifai mimi, na huenda hayakufai wewe pia unayesoma hapa.

Nafundisha Elburgon, nyumbani ni Nakuru. Matatu ya saa kumi na mbili asubuhi hupitia Njoro, na kadiri inavyopanda ndivyo vioo vinavyoshika ukungu. Ukishuka unapokewa na baridi na harufu ya mbao mbichi. Nimezaliwa Kisumu, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako koti ni nguo ya msafiri wa usiku. Nakuru iko karibu mita 1,850, na huko kazini ni juu zaidi. Mwezi wa saba sweta peke yake haifui dafu. Nilitaka koti la heshima, la kusimama nalo paredi, linalokinga upepo na manyunyu bila kunimeza.

Mwaka 2023 nilinunua trenchkoti jipya, lile koti refu la kufungwa mkanda kiunoni, katika duka moja mjini kwa shilingi 4,800. Mshono wa bega ulishuka vidole viwili chini ya bega langu. Mkanda ulinikaa kwenye nyonga. Muuzaji akaniambia, "Utakunja tu mikono, siste." Nikakunja. Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alinisimamisha getini akaniuliza walimu wako wapi. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimelipa pesa nyingi ili nionekane mwalimu.

Jioni ile nilichukua tepu. Kutoka kwenye mfupa wa nyuma ya shingo hadi kiunoni nina sentimita 36. Kwenye lile koti, kutoka mshono wa kola hadi vitanzi vya mkanda kulikuwa na 43. Sentimita 7 hizo ndizo zilizoharibu kila kitu: kiuno kikishuka, mifuko inashuka, vifungo vinashuka, na miguu inaonekana imekatwa. Nilikuwa nimechukua saizi ndogo kuliko zote dukani, lakini saizi ndogo hupunguza zaidi upana. Mwanamke mwembamba mrefu na mwanamke mwembamba mfupi hawavai koti moja.

Makoti yaliyokatwa kwa ajili yetu yapo. Uingereza na Marekani nguo za wanawake wasiozidi takriban futi 5 na inchi 4 huandikwa Petite kwenye lebo, au herufi P kando ya namba, kama 4P au 8P. Kiuno chake kimepandishwa, mikono imefupishwa, mabega yamepunguzwa na mifuko imeinuliwa. Katika maduka ya nguo mpya ninakopita sijaikuta lebo hiyo hata mara moja. Kwenye mitumba nimeikuta mara nyingi, na wauzaji wengi huipita bila kuiangalia.

Ndiyo maana narudi tena na tena kwa mama mmoja mwenye kibanda cha makoti ya mitumba pekee, mwendo mfupi kutoka soko la Wakulima hapa Nakuru. Yeye hamwagi makoti chini. Huyatundika yote kwenye henga, mazito nyuma na mepesi mbele, na ukimtajia urefu wako anaelewa. Mara ya kwanza alinitazama mabega, akatoa makoti matatu, akasema, "Mwalimu, haya ni kamera, daraja la kwanza, robota la mitumba limefunguliwa leo. Vaa juu ya hiyo sweta yako, usiivue." Ushauri huo wa sweta pekee ulinionyesha kwamba anaijua kazi yake. Koti linalokutosha juu ya blauzi litakubana kwapani asubuhi ya baridi.

La kwanza lilikuwa jeusi, zuri, la mtoto wa Ulaya. Lebo iliandikwa 158, na huo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, hivyo usidhani ni saizi ya ajabu. Mabega yalinikaa sawasawa, ila makoti ya watoto hayaachi nafasi ya kifua, na vifungo vilivutana. La pili lilikuwa na mikono iliyokatwa kuanzia shingoni, isiyo na mshono begani. Mkato huo husamehe bega jembamba, na wengi wenu utawafaa, lakini kola yake ilikuwa pana mno kwa uso mdogo.

La tatu ndilo nililolivaa leo. Rangi ya mchanga, safu moja ya vifungo, lebo 6 na neno Petite chini yake. Safu mbili ndizo za asili, lakini kwa kifua kidogo hurundika kitambaa tumboni, na ukiliacha wazi pande zote mbili zinaning'inia. Nilipima mabega: 37, mimi nina 35 na nusu. Kwa koti la kuvalia sweta, nafasi hiyo inatosha. Nikainua mkono juu kama ninayeandika ubaoni, nikakumbatia pochi yangu kama rundo la madaftari. Mgongo haukuvuta. Vitanzi vya mkanda vilikuwa kwenye 39. Hapo nikajua fundi anaweza kumalizia.

Bega nalisisitiza kwa sababu ndilo lisilorekebishika kwa bei ya kawaida. Kulipunguza ni kufungua mkono mzima, bitana na yale mapambo ya juu, na fundi mwaminifu atakuambia gharama inakaribia bei ya koti. Urefu, mikono na kiuno vina dawa.

Aliomba 1,500, tukaafikiana 1,200. Kifungo kimoja kilikosekana, tukakuta cha akiba kimeshonwa ndani kwenye bitana, kwa hiyo kagua huko kabla ya kulikataa koti kwa ajili ya kifungo. Lawama yangu kwake ni kioo. Anacho cha kuonyesha uso na kifua tu, na koti huamuliwa magotini. Ilibidi nimwombe binti wa kibanda jirani anipige picha nzima kwa simu, mbele na mgongoni. Na harudishi pesa. Ukiondoka umeondoka.

Fundi wangu ni mzee mwenye cherehani kwenye baraza, si mbali na hapo. Nilitaka akate sentimita 10 koti liishe juu ya goti kabisa. Alilitandaza mezani, akaweka kiganja kati ya mfuko na upindo, akasema, "Mwalimu, nikikata kumi, mfuko utakaa juu ya upindo na kifungo cha chini utakiona kimening'inia mwisho wa nguo. Nikupe sita." Likatoka 94 likawa 88, linaishia pale goti linapoanza. Alikuwa sahihi. Mpasuo wa nyuma aliurefusha kidogo kwenda juu ili nipande matatu bila kuinua koti lote, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mikono alipunguza sentimita 3. Mafundi wavivu hukunja ndani tu, na kile kikanda cha kifundoni kinabaki kimegusa ukingo. Yeye alikifumua kikanda na vitanzi vyake, akavipandisha, kisha akashona. Vitanzi vya kiuno vilipanda sentimita 3 pia. Bitana aliiacha fupi kuliko koti ili isichungulie, na akapiga pasi juu ya kitambaa kibichi hadi alama za mishono ya zamani zikapotea karibu zote.

Tulijadiliana zaidi juu ya vikanda vya mabegani. Trenchkoti ni koti la mahandaki, lilipata jina na umbo lake katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Vikanda vile vilibeba vyeo vya maofisa wa Uingereza. Gabardini, kitambaa chake mashuhuri, kilibuniwa na Thomas Burberry mwaka 1879. Kwenye bega pana vikanda hupendeza. Kwangu vilikuwa vinaliburuta jicho kwenda pembeni na kunifanya mpana juu, mfupi chini. Mzee alisita, akasema koti litapoteza sura yake. Nikasimama mbele ya kioo chake, tukavikunja ndani, akanitazama kimya, kisha akachukua wembe na kufumua mshono wa bega kidogo tu, akavitoa, akaufunga. Hakuna anayejua kwamba vilikuwapo.

Alinitoza 450. Aliahidi siku nne, ikawa nane, nami wiki hiyo nilipanda matatu na shali. Uzi wa upindo umekolea rangi kidogo kuliko ule wa zamani, ukiangalia kwa karibu. Kwa hiyo ukipeleka nguo yako, nenda na uzi mliokubaliana rangi mchana, si jioni chini ya balbu.

Kuhusu mvua: pale kibandani nilidondoshea mkono wa koti maji ya chupa. Matone yalisimama kwa muda kisha yakaanza kunywewa, ishara kwamba limefuliwa sana huko lilikotoka. Manyunyu ya Elburgon linayahimili. Mvua ya kweli ya mwezi wa nne ilinipata nikitembea kama nusu saa kutoka stendi. Mgongo ulibaki mkavu, mabega yakalowa hadi kwenye sweta. Beba mwavuli. Kwa upepo wa asubuhi, ukikaza mkanda na kufunga kola, sina malalamiko hata moja.

Nilijaribu pia Kibuye, nikiwa Kisumu kwa mama, Jumapili ambayo soko hufurika. Kwa kuwa joto la huko halimpi mtu haja ya koti, hayagombaniwi, na nimeyakuta kwa 500 na 600. Lakini yamelala chini ya marundo, yamekunjamana, na hutakuta mtu wa kukuambia lipi ni la mwanamke mfupi. Ukienda, enda na tepu na vipimo vyako vitatu vimeandikwa kwenye karatasi: bega, shingo hadi kiuno, bega hadi kifundo cha mkono.

Mama wa Nakuru hufungua robota Jumanne na Ijumaa. Wiki iliyopita nilimwachia vipimo vyangu, anatafuta la buluu nzito. Kufika saa tatu asubuhi ni kuchelewa.