Kambi ya Newala: kuni zao ni za ukweli, choo warekebishe

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna mzee ana shamba ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, Newala, upande ule wa Shimo la Mungu, anakodisha nafasi ya kupiga hema na anauza kuni hapohapo. Hana bango wala nini, ukishuka stendi waulize bodaboda kambi ya ukingoni iko wapi watakupeleka. Tumelala pale mimi na washkaji msimu huu wa baridi na nina ya kusema, mazuri kwanza.

Mtu wa Mtwara mjini ukimwambia baridi anakucheka, sisi huku pwani hata mwezi wa saba feni inazunguka. Panda Newala uone. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane usiku upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma unapiga hema mpaka vigingi vinalia, asubuhi ukungu umetanda huoni hata gari ulikoiegesha. Bila moto wa maana hulali, utakesha unajikunyata. Na moto wa maana sio wingi wa kuni, ni mti gani na umekauka kiasi gani, basi, na hicho ndo kitu huyu mzee anakijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kununua kuni kwake.

Maana huku kwetu kuni zinauzwa "mzigo". Unaona fungu limefungwa na mpira barabarani, unalipa, ukifika unafungua unakuta nje vimepangwa vikavu ndani kuna mkorosho wa juzi bado unatoa utomvu na kipande cha msufi ambacho hata chai hakiivishi. Yule mzee kazipanga chini ya banda la bati kila mti fungu lake. Mkwaju peke yake. Mkorosho peke yake. Myombo inayoletwa kutoka huko chini peke yake, alafu pembeni kuna vijiti vya kuwashia. Bei hazifanani, mkwaju mzigo mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mkorosho, na mshkaji wangu mmoja akaanza kulalamika mzee tunaibiwa mchana kweupe. Mzee wala hakukasirika, akauliza tu, "Mwanangu, mnapika au mnalala?" Tukamwambia vyote baba. "Basi chukueni wa kuwahi na wa kukaa."

Wa kuwahi ndo mkorosho. Uwanda wote ule ni mikorosho na kila mwaka wakishamaliza kuvuna watu wanapogolea matawi, kwahiyo kuni zake zipo kibao na bei ni ya kawaida. Mti wenyewe mwepesi, unashika haraka, ugali unaiva vizuri tu, ila ukiutegemea usiku kucha utaamka kila saa kuongeza. Kingine ambacho sikua nimekifikiria mpaka mzee alipokisema, kuanzia kama mwezi wa sita watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, mashambani kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, sasa tawi lililokatwa lina ungaunga wa njano usilitupie motoni, salfa ikiungua inatoa gesi inayokaba koo na kuchoma macho. Za kwake ni zilizokatwa kabla ya salfa na zimekaa bandani, unaona kabisa gome limeanza kuachia lenyewe. Na tukiwa hapohapo kwenye korosho, kuna watu wanapenda kuwashia moto kwa maganda. Yanawaka balaa kwa sababu yana mafuta, lakini yale mafuta ndo yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji, moshi wake sio wa kukaa nao karibu na nyama usiibanike hapo kabisa.

Wa kukaa ni mkwaju. Mzito, mgumu kupasua mpaka shoka linakataa, unachelewa kushika na mtu asiye na subira atausema vibaya. Lakini ukishashika umeshika. Tuliweka magogo matatu vichwa vikutane katikati, mtu akiamka usiku anasukuma tu mbele kidogo anarudi kulala, asubuhi tukafukua jivu tukakuta makaa mekundu tukachemshia chai bila kiberiti. Hapo ndo yule mshkaji wa kulalamika akanyamaza. Myombo nao uko vizuri, naweza kusema upo katikati ya hiyo miwili.

Kwa elfu kadhaa za ziada mzee anawatembeza pembezoni mwa shamba anawaonesha miti, na hii huduma ndo naipigia debe zaidi. Miezi hii miti mingi imepukutisha majani, ukiwa mgeni unaona mti mkavu hivi unasema huu umekufa tukate. Mzee anakwangua gome kwa ukucha wa dole gumba. Chini kukiwa na kijani huo uko hai umelala tu unasubiri mvua. Kukiwa na kahawia na kukavu, umekufa. Nimesoma kwamba hata Ulaya na Marekani wanaopiga kambi kwenye theluji wana shida hiyohiyo, majani hamna, kwahiyo wanatambua mti kwa gome na vijiti, na wenzetu wanautafuta sana mti uliokufa ukiwa bado umesimama kwa sababu ulioanguka unanyonya maji ya theluji. Mwaloni wao (oak) unasifika kwa moto mrefu lakini ukishapasuliwa unataka mwaka mpaka miwili kukauka, na kipimo chao ni unyevu uwe chini ya asilimia 20, wana mpaka kamashine kenye misumari miwili unachomeka kwenye ukuni kanasoma namba.

Mzee kamashine hana, ana masikio. Anachukua kuni mbili anazigonganisha. Kavu inatoa mlio mkali, ko! Mbichi inatoa pu, imekufa kabisa. Alafu anakuonesha kichwa cha ukuni, ukiona nyufa zinatoka katikati kwenda nje kama miali ya jua ujue maji yameshatoka. Kijiti kidogo ukikunja kivunjike mara moja, kikipinda kirudishe. Na ukishaweka motoni ukaona povu linachemka kwenye ncha na kufoka foka, umeuziwa maji hayo, sehemu ya moto wako inaenda kuyakausha ndo maana moshi haukuachi hata ukihama upande. Tulipiga zoezi la kugonganisha kila mtu, watu wazima na ndevu zetu tunagonga vijiti tunasikiliza. Mimi kwa kweli tangu siku hiyo sinunui kuni bila kugonga, hata wauzaji wa hapa mjini wameshanichoka.

Magogo yaliyolala chini pia ana maelekezo nayo. Mchwa wa kule hawana mchezo, gogo linaonekana zima ukilipiga teke linaingia mguu, na chini ya gome ndo nyumbani kwa nge, kwahiyo gonga chini kwanza kabla hujalibeba kifuani. Mbuyu hata usihangaike, ni sponji. Msufi vilevile. Mnyaa ule wa uzio msiuguse kabisa wala msiutie motoni, maziwa yake yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Mwembe mkavu unafaa, ila ni ndugu na mkorosho, utomvu wake mbichi unawasha ngozi.

Na kuna isiyoguswa. Tulipita kwenye kisiki cha mpingo jamaa akasema si tuondoke nacho, mzee akamjibu, "Huo wa kinyago, sio wa chai." Mpingo ni mzito mpaka unazama kwenye maji na ukiwaka unawaka kwelikweli, ila kuuchoma ni kuchoma pesa, na bila kibali cha watu wa misitu unatafuta kesi. Mninga na mkongo hivyohivyo. Wale mtakaopiga kambi pwani, Msimbati na kule, mikoko nayo ni marufuku, pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma. Tafuteni mvinje uliokauka, kwa pwani ukiupata huo hamna kuni inayoushinda, na vifuu vya nazi vya kuongezea joto.

Haya sasa mabaya. Choo ni cha shimo sina shida nacho, shida mlango ni gunia na upepo nimeshawaambia unavyovuma. Maji ni ya kununua kwa dumu, uwanda ule shida yake ya maji inajulikana tangu enzi za mababu, sasa ukikuta hamna umeula wa chuya, beba ya kwako kutoka mjini. Sehemu za kuwashia moto zimechimbwa upande wa upepo, cheche zinaruka kuelekea mikorosho ambayo muda huo ndo inaweka maua, na sijui kama mzee amelala usingizi siku tuliyokuwepo maana kila nikitoka nje namuona na tochi. Si ahamishe tu mashimo upande wa pili? Nilimwambia akasema atafanya. Kuzima tulizima kwa mchanga, upo wa kutosha, ila msifunike tu, makaa yanabaki hai chini, koroge­ni na mchanga mpaka yote yapoe na mkono ukae juu yake bila kuungua. Mizigo nayo hailingani ukubwa, chagueni wenyewe msisubiri kijana awachagulie. Barabara kutokea Mtwara kwa Nanyamba na Tandahimba ina vipande vya vumbi, gari ndogo inafika ila taratibu.

Nyota nampa nne kati ya tano, hiyo moja iko chooni.

Kama mnaenda wikiendi mpigieni simu kabla awawekee mkwaju, namba wanayo bodaboda wa stendi. Miezi hii ni ya unyago na harusi, wenye shughuli wanakuja na toyo wanazoa fungu zima asubuhi, mkifika jioni mtakuta umebaki mkorosho mtupu.