Tumbaku yangu ya vanila ilipitiliza hadi Kigoma, ikarudi inanuka dagaa

Haya ni maoni yangu kuhusu duka la Dar lililoniuzia tumbaku ya kiko, lakini nianze na kijana wa dirisha la vifurushi la kampuni ya basi, maana tumbaku yenyewe ningeweza kuisamehe. Nilifika pale ofisini kwao stendi mara ya tatu ndani ya wiki moja. Mtu mzima, mvi kichwani, na jua la Tabora la kabla ya mvua mnalijua. Hakunisalimu. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Sema, mzee." Nikamwambia nimefuata mzigo wangu umetoka Dar. Akanyanyuka, akaenda nyuma, akarudi nao, akaurusha juu ya kaunta. Akaurusha! Nikasikia harufu kabla sijaugusa. Dagaa. Nikamuuliza, mwanangu, huu mzigo umelala wapi siku zote hizi? "Ulipitiliza, ukafika Kigoma, ukarudishwa na gari la usiku. Kwani ndani kuna nini?" Nikamwambia tumbaku ya kiko. Akacheka. "Sasa mzee, si tumbaku tu? Ukishaiwasha si itanuka moshi?"

Si tumbaku tu. Hilo neno limenikaa kifuani mpaka leo.

Mimi navuta kiko, tena kwa tumbaku tamu, ile inayotiwa manukato. Simshawishi mtu: tumbaku ina madhara yake, na asiyevuta asianze kwa ajili yangu. Naandika kwa wachache wa huku bara ambao tayari wana kiko nyumbani na wanaagiza tumbaku kutoka Dar kwa simu kama mimi, wajue yanayoweza kuwapata. Kiko changu ni cha marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli hapa Tabora. Ni cha mzizi wa briari, kile kichaka cha nchi za pembezoni mwa Mediterania ambacho mzizi wake unastahimili moto. Jioni alikuwa akikaa chini ya mwembe na kiko chake, na sisi watoto tukitoka kuchota maji tulijua baba amesharudi kazini kwa ile harufu ya vanila tu, kabla hatujaona mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia "si tumbaku tu", hajui amegusa wapi.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa vitu viwili. Kimoja ni kopo la tumbaku ya vanila ya Mac Baren, la Denmark, limefungwa kiwandani. Cha pili ni robo kilo ya Cavendish nyeusi, tumbaku ya kiko iliyotiwa utamu na kupikwa, ambayo wale wa duka waliipima wenyewe, wakaitia kwenye mfuko wa nailoni, wakaubana kwa stepla. Stepla! Mfuko mwepesi kama wa karanga za kuchemsha, matundu mawili ya pini juu, halafu ukasafirishwa kilomita zaidi ya mia nane hadi Tabora, ukazidishiwa safari mpaka ziwani na kurudi, umekaa juu ya magunia ya dagaa. Kopo halikudhurika. Mfuko ulikwisha kazi.

Na muuza tumbaku ndiye anayetakiwa kulijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Jani la tumbaku linanyonya harufu, na biashara nzima ya tumbaku ya manukato imesimama juu ya tabia hiyo hiyo. Jani la Burley, aina mojawapo ya tumbaku, hukaushwa kivulini kwa hewa, wiki kadhaa, na kwa kuwa linakufa polepole linamaliza sukari yake lenyewe. Likishakauka linabaki kama sifongo, unalinywesha vanila, cheri, asali, chochote. Cavendish nayo hutiwa utamu, ikapikwa kwa mvuke na kukandamizwa mpaka inageuka nyeusi. Ukiiweka karibu na iliki itanuka iliki. Ukiiweka juu ya dagaa, haya ndiyo matokeo. Dagaa wa Kigoma sina ugomvi nao, nawala kila wiki. Ugomvi wangu ni pini mbili za stepla.

Niliona uchungu kuitupa. Nikaitandaza juu ya gazeti kivulini, nikaipindua asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu nikanusa, nikasikia vanila peke yake. Nikamwita mke wangu anuse, naye akasema imetoka. Nikajaza kiko cha baba.

Robo ya kwanza ya kiko ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Moshi mzito, laini, unateleza. Moto uliposhuka katikati ya bakuli, jani la chini likapata joto, na dagaa wakaja. Kumbe harufu haikutoka, ilikuwa imejificha chini ya vanila. Nikazima, nikakung'uta, nikasafisha. Kesho yake nikajaza tumbaku nyingine kabisa, ya zamani niliyokuwa nayo, na dagaa wakaja tena. Wavutaji wenzangu wanajua: lile gamba jeusi linalojijenga ndani ya bakuli, mkaa wa miaka na miaka, linashika harufu na kuitoa kila linapopata moto. Gamba la kiko kile alianza kulijenga baba. Nilikaa pale kwenye kiti nikahisi kana kwamba kuna mtu ameingia na viatu vya matope chumbani kwa marehemu.

Ndipo nikapiga simu dukani Dar. Nilipiga kwa heshima, nikaeleza yote kwa utaratibu. Msichana akanisikiliza, akaniambia nisubiri, akampa simu mwenye duka. Yule bwana hakusema pole. Alisema hivi: "Baba, Tabora si ndiko tumbaku inakotoka? Chukueni hukohuko, mnahangaika na Dar ya nini."

Hapo ndipo nilipotaka kuandika haya maoni kwa matusi matupu. Nikasubiri siku kadhaa.

Ndiyo, tumbaku inatoka kwetu. Mjomba wangu analima Urambo, kule ambako Waingereza walishindwa na mradi wao wa karanga baada ya vita ile ya pili ya dunia na tumbaku ikashika nafasi. Nimelala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa joto la moto, tangu utotoni, nimeongeza kuni usiku nikiwa na usingizi wa kuanguka. Najua joto linaanza dogo, kama nyuzi 35 hivi, jani ligeuke njano, halafu linapandishwa taratibu mpaka karibu nyuzi 70 ili uti ukauke. Siku tano hadi saba, na ukikosea usiku mmoja umepoteza bani zima. Lakini jani letu likishapangwa madaraja na kufungwa mitumba, linauzwa, linaondoka. Linasindikwa Morogoro, linavuka bahari, na huko ndiko linakochanganywa na kutiwa manukato. Mkulima wa Urambo anaweza kuishi mpaka azikwe bila kulionja jani lake likiwa ndani ya kopo. Sasa mtu aliyekaa dukani Dar, anayeuza makopo kutoka Denmark, anamwambia mtu wa Tabora achote shambani. Achote nini? Jani la mvuke, ndilo hilo letu la kukaushwa banini, ukilikata na kulivuta hivyohivyo linakung'ata ulimi mpaka unashindwa kunywa chai.

Nimekasirika tena. Ngoja nirudi kwenye kopo.

Kiko kwanza nilikitibu. Dawa ni ya zamani: jaza bakuli chumvi, dondoshea pombe kali mpaka ilowe, kiache usiku kucha kimelala na mdomo wake ukiwa juu kidogo, asubuhi chumvi imekuwa kahawia kwa yale iliyoyanyonya. Nilitumia chumvi ya Uvinza na Konyagi. Usiku wa kwanza chumvi ilitoka na rangi ya chai. Nikarudia. Nikakiacha wiki nzima kikauke, maana briari yenye unyevunyevu ukiiwasha inapasuka.

Halafu nikafungua lile kopo. Jamani. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza nani anaoka keki. Watu waliopita njiani walisalimia na kusimama. Binti yetu wa mwisho, ambaye siku zote ananisema kwa kuvuta, alikaa karibu na mimi barazani, akasema, baba, hii inanuka kama babu. Alikuwa mdogo sana babu yake alipofariki. Sikujua kama anakumbuka. Jioni ile ningewapa nyota zote.

Kesho yake nikazirudisha. Tumbaku hizi tamu zina jambo ambalo wauzaji hawakuambii: harufu nyingi inamwendea aliyekaa karibu, mvutaji mwenyewe anabaki na kidogo mno. Na lile jani limelowa. Wanalitia propileni glikoli lisikauke, basi ukilijaza kama lilivyo linazimika kila dakika, unawasha tena na tena, maji yaliyomo yanageuka mvuke wa moto, na ulimi unaungua kama umeramba uji uliotoka jikoni. Nililitandaza saa nzima kwenye hewa ya kiangazi chetu, hewa inayokausha ugali sahanini, na bado lilinata vidoleni. Siku mbili sikusikia ladha ya chakula.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nifute nilichokuwa nimeandika mwanzo.

Mjomba huniwekea majani machache, yale ya rangi ya chungwa yanayobaki baada ya kufunga mitumba, amekaa nayo zaidi ya mwaka. Jani letu la mvuke lina sukari yake lenyewe, kwa sababu joto la bani linaliua kabla halijaila. Niliyatoa uti, nikayanyunyizia asali ya nyuki wa miombo niliyoichanganya na maji ya uvuguvugu. Asali kidogo sana, kijiko kimoja cha chai. Ukizidisha inaganda juu ya moto na kuuzima, na jani linaota ukungu. Nikayapanga tabaka kwa tabaka kati ya vibao viwili, jiwe la kusagia juu yake, siku tano. Nikayakata membamba kwa kisu cha nyama, nikayaanika mpaka nikiyafinya yanafumuka taratibu bila kushikana. Kisha nikachanganya: mafungu matatu ya Urambo, fungu moja la kopo. Nikatia kwenye chupa ya mdomo mpana, nikafunga, nikajizuia wiki tatu. Hizo wiki tatu ndizo ngumu kuliko kazi yote. Kila nilipofungua kunusa niliona vanila inazidi kulegea na kuingia ndani ya asali, na ule ukali wa jani bichi unapungua.

Nilijaza kwa namna ya baba, chini legevu, katikati kidogo zaidi, juu nikashindilia kwa kidole gumba. Kiberiti cha kwanza cha kuamsha, cha pili cha kuwasha. Ilishika na haikuzima mpaka mwisho. Jani la Urambo lilileta utamu wa nyasi zilizokauka na ule mwili ambao tumbaku ya kopo haina, vanila ikabaki nyuma kwa mbali, na asali nikaisikia katikati, mahali palepale walipokuwa wamekaa dagaa. Ulimi haukuungua. Kiko kilipofika chini kilibakiza majivu makavu, meupe. Nimevuta tumbaku za watu wengi, na hii ndiyo bora niliyowahi kuvuta, na robo tatu yake imetoka kwa mjomba.

Kwa hiyo kopo nalisifu, ila kama kiungo. Ukilivuta peke yake utajuta, ukiliweka kidogo kwenye jani letu lililotulia utanikumbuka. Duka lina bidhaa nzuri na halina adabu. Nilikuwa nimeandika msinunue kwao kamwe. Nimeifuta hiyo. Nunueni makopo yaliyofungwa kiwandani, na mtu akitaka kuwapimia kwenye nailoni mkataeni, hata akipunguza bei.

Lakini kila nikivuta mchanganyiko huu naikumbuka ile robo kilo ya Cavendish. Ndiyo ningeitumia kwa fungu la nne badala ya kumaliza kopo, na ingenifikisha masika bila wasiwasi. Kopo sasa limefika nusu. Hakuna aliyenirudishia senti, na hakuna aliyesema pole. Kiko nacho kimepona kwa sehemu kubwa tu: siku za baridi, kikipata moto sana karibu na chini, kuna kitu kidogo kinarudi. Mke wangu anasema ni mawazo yangu. Si mawazo.

Nimeagiza kopo jingine palepale dukani, kwa maandishi, bila salamu ndefu. Halitapanda basi. Shemeji yangu anatoka Dar kwa treni, atalibeba kwenye begi lake la nguo. Ile robo kilo ipo stoo, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kuivuta siwezi, kuitupa siwezi. Nataka siku moja niibebe mpaka pale dirishani, nimfungulie yule kijana anuse, halafu aniambie tena kwamba ni tumbaku tu.